Kujisomesha Kikorea kwa Kitabu: Mwongozo kwa Anayeanza, Unguja na Pemba

Maswali yanayonifikia ni yaleyale: nianze na kitabu gani, lazima nijue Kiingereza, itanichukua muda gani, mbona herufi nazijua lakini nikitizama tamthilia sikamati neno. Wanaouliza ni vijana wa skuli, wafanyakazi wa hoteli za Nungwi na Paje wanaotaka kumpokea mgeni wa Kikorea kwa lugha yake, na wenye nia ya kuomba nafasi za masomo Korea Kusini. Nimeona bora niwajibu wote pamoja, kwa mpangilio, ili mtu akae na kitabu chake aanze leo hii hata kama hana mwalimu karibu.

Ninalokuambia kwa yakini ni hili: kitabu kimoja kinachosomwa kwa sauti, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kitakufikisha mbali kuliko vitabu kumi vilivyorundikana kwenye simu. Wengi wanaoacha hukwama palepale. Kila wiki wanafungua kitabu kipya, na kila kitabu kipya kinawarudisha kwenye herufi.

VITU VYA KUWA NAVYO

Kitabu. Angalia mambo matatu kabla hujatoa pesa au hujapoteza bando kukipakua. Kwanza, kiwe na sauti zake, iwe za kupakua au za kusikiliza mtandaoni. Pili, kiwe na majibu ya mazoezi nyuma. Tatu, sarufi ielezwe kwa lugha unayoielewa. Vitabu vingi vizuri vimetungwa kwa ajili ya darasa, kila kitu kwa Kikorea, na kazi ya kueleza ameachiwa mwalimu. Ukiwa peke yako kitabu cha namna hiyo kitakutesa bure. Vyenye maelezo ya Kiingereza ndivyo vinavyopatikana kwa wingi. Kiingereza cha kidato cha pili kinatosha kuvifuata. Ukikosa cha kununua hapa, agizia kwa mtu anayekwenda Dar es Salaam akuletee kwa boti, au chapisha nakala halali ya mtandaoni kwenye stesheneri, uitie jalada. Karatasi ni bora kuliko kioo cha simu, maana utaandika pembeni, na umeme ukikatika bado unasoma kwa taa.

Masomo ya sauti na video. Taasisi ya King Sejong, ya serikali ya Korea Kusini, ina masomo ya bure mtandaoni kwa wanaoanza. Yatumie kama msaidizi wa kitabu.

Daftari la hesabu lenye miraba, si la mistari. Kila silabi ya Kikorea hukaa ndani ya mraba wake.

Simu yenye kibodi ya Kikorea (unaiongeza kwenye mipangilio ya lugha, hailipiwi) na spika za masikioni.

Kamusi. Ile ya mtandaoni ya Naver ina sehemu ya Kikorea na Kiswahili. Haina kila neno, lakini ya Kiingereza iko hapohapo.

Muda. Nusu saa kila siku ni bora kuliko saa nne za Jumapili. Baada ya sala ya alfajiri nyumba imetulia, na sauti yako haitamuudhi mtu. Ikiwa asubuhi huwezi, baina ya magharibi na isha panafaa. Ramadhani pangua ratiba mapema, usisubiri ikuvurugikie.

HATUA KWA HATUA

1. Jifunze herufi, na ufute kabisa maandishi ya Kilatini

Herufi za Kikorea huitwa Hanguli (한글). Mfalme Sejong alizikamilisha mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, makusudi mtu wa kawaida aweze kujifunza kusoma upesi. Za msingi ni 24: konsonanti 14 na irabu 10. Ukizihesabu na zile za kuunganishwa zinafika 40. Wiki moja au mbili zinatosha ukikaa nazo kila siku.

Anza na irabu. Nne unazo tayari mdomoni: ㅏ ni a, ㅗ ni o, ㅜ ni u, ㅣ ni i. Mbili, ㅔ na ㅐ, zote zisome kama e yetu; Wakorea wengi wa leo hawazitofautishi wakizungumza, ila katika kuandika lazima ujue neno lipi linachukua ipi. Ngeni ni mbili tu:

ㅓ: sema "o", kisha ulimi usiusogeze, ila legeza midomo isifanye duara.
ㅡ: sema "u", kisha vuta midomo pembeni kama unayetabasamu.

Ukiongeza kijistari kimoja unapata y mbele: ㅑ ya, ㅛ yo, ㅠ yu, na ㅕ ambayo ni y na ile ㅓ.

TAHADHARI: vitabu vingi katika kurasa za mwanzo huandika Kikorea kwa herufi za Kilatini. Kwa Mzungu huo ni msaada kidogo; kwa Mswahili ni mtego. Sisi kila irabu tunayoiona tunaitamka. Neno 어머니 (mama) huandikwa "eomeoni", na wewe utasoma e-o-me-o-ni, silabi tano, wakati Mkorea anatamka tatu. Mji mkuu, 서울, una silabi mbili tu. Chukua penseli ufute au upake rangi nyeusi kila palipoandikwa Kilatini kwenye kitabu chako. Nakuomba hili ulifanye kweli. Ni kazi ya dakika chache, na itakuokoa na miezi ya kurekebisha matamshi mabovu.

Konsonanti nyingi hazina shida: ㄴ n, ㅁ m, ㅎ h, ㅅ s (ila mbele ya ㅣ husikika sh, kama 시). ㄹ ikiwa baina ya irabu ni r, ikiwa mwisho wa silabi ni l. Hakuna f wala z. Ndiyo maana Fatma ataandikwa 파트마, na Zanzibar ni 잔지바르.

Sasa penye kazi. Kuna makundi ya sauti yanayokwenda matatumatatu: ㄱ ㅋ ㄲ, ㄷ ㅌ ㄸ, ㅂ ㅍ ㅃ, ㅈ ㅊ ㅉ. Tofauti yake inabadilisha maana: 불 ni moto, 풀 ni majani, 뿔 ni pembe ya mnyama. 달 ni mwezi wa angani, 탈 ni kinyago, 딸 ni binti.

Mtu wa visiwani ana bahati hapa. Msikilize mzee wa kwenu akisema paa, yule paa nunga wa msitu wa Jozani, kisha akisema paa la nyumba. Mnyama hutoka na pumzi. La nyumba halina pumzi. Fanya hivyohivyo kwa kaa wa pwani na kaa la moto. Weka kiganja mbele ya mdomo utaisikia. Basi ㅍ na ㅋ ni zile zenye pumzi. ㅃ na ㄲ hazina pumzi kabisa, na koo unalikaza zaidi ya tunavyolikaza sisi. ㅂ na ㄱ za kawaida ni laini: koo limelegea, sauti iko chini, pumzi ni kidogo. Zikiwa baina ya irabu, hizi laini husikika kama b na g.

TAHADHARI: usisome ㅂ ya mwanzo wa neno kwa ile b nzito ya "baba". Mkorea akisikia b hiyo atababaika. Legeza.

Usingoje utofautishe zote tatu kwa sikio ndipo uendelee. Sikio huchukua miezi. Zijue kwa kuandika, ziige kwa mdomo, songa mbele.

2. Ungisha silabi

Aliyepita chuoni, akakaa na juzuu ndogo kusoma be fataha ba, be kasira bi, be dhuma bu, anaijua kazi hii. Konsonanti inaungishwa na irabu, inatoka silabi, unaisoma kwa sauti, unakwenda ya pili. Chora jedwali kwenye daftari la miraba: konsonanti zishuke upande wa kushoto, irabu zipite juu, ujaze 가, 고, 구, 기, 나, 노, 누, 니, mpaka mwisho. Soma jedwali zima kila siku kwa sauti, leo kwa kushuka, kesho kwa kupita.

Kanuni za kuandika ni chache. Irabu iliyosimama (ㅏ ㅓ ㅣ) hukaa kulia kwa konsonanti. Iliyolala (ㅗ ㅜ ㅡ) hukaa chini yake. Silabi haianzi na irabu tupu: unaweka ㅇ mbele, nayo hapo haitamkwi. Kwa hiyo "a" ni 아.

Kisha inakuja herufi ya chini, Wakorea huiita 받침, inayofunga silabi: 밥 (wali), 물 (maji), 강 (mto). ㅇ iliyonyamaza mwanzoni, ikiwa chini inasomwa ng' kama ya ng'ombe. Wageni wengi hutaabika na sauti hiyo. Wewe umezaliwa nayo.

Herufi nyingi huweza kukaa chini, lakini sauti zinazosikika hapo ni saba tu: ㄱ ㄴ ㄷ ㄹ ㅁ ㅂ ㅇ. 옷 (nguo) imeandikwa kwa ㅅ, ikiwa peke yake inafungwa kama t. Silabi inayofuata ikianza na irabu, herufi ya chini inahamia huko: 옷이 husomwa 오시, 한국어 (Kikorea) husomwa 한구거. Na zikikutana fulani hubadilishana sauti: 감사합니다 (asante) imeandikwa kwa ㅂ lakini husomwa 감사함니다. Kitabu chako kitakuwa na ukurasa mzima wa kanuni hizi. Usiukariri. Usome mara moja, kisha urudi kila unapokutana na neno lililokushangaza kwenye sauti.

TAHADHARI: maneno yetu huishia kwa irabu, na ulimi unataka kuiongeza. 밥 linakuwa "bapu", 책 (kitabu) linakuwa "cheku". Usiongeze. Funga midomo kwenye 밥 na uiache imefungwa, usiifungue tena.

Zoezi la kupima: andika kwa Hanguli majina ya watu wa nyumbani kwenu na mahala unapopajua. Unguja ni 웅구자, Pemba 펨바, Wete 웨테. Ukiweza kuandika na kuyasoma majina kumi bila ya kuangalia jedwali, fungua sura ya kwanza ya kitabu.

3. Soma kila sura kwa mpango mmoja

Hii ndiyo hatua itakayokula muda wako mwingi. Sura moja kwa wiki ni mwendo mzuri kwa mwenye kazi au masomo mengine. Ifuate hivi:

Siku ya kwanza, usifungue kitabu. Sikiliza mazungumzo ya sura mara tatu au nne. Hutaelewa, na haidhuru. Unalipa sikio nafasi kabla ya macho.

Siku ya pili, sikiliza huku unafuata maandishi kwa kidole. Pigia mstari neno usilolijua. Andika maneno mapya kwenye daftari, si zaidi ya kumi na tano kwa siku, kila moja ndani ya sentensi ya kitabu.

Siku ya tatu, soma maelezo ya sarufi mara moja tu, kisha nakili mifano yake yote kwa mkono. Usiongeze maelezo ya mtandaoni juu yake. Ukitafuta kanuni moja mtandaoni utarudi na tano, na sura itabaki palepale.

Siku ya nne na ya tano, mazoezi. Andika majibu kwenye daftari, kitabu kiache kisafi ukirudie. Sahihisha kwa majibu ya nyuma. Kila ulilokosea andika sentensi nzima sahihi, usiishie kuweka alama ya kosa.

Siku ya sita, sema pamoja na sauti. Icheze, na wewe utamke juu yake, nyuma kidogo ya msemaji, bila kusimama. Rudia mpaka ulimi uache kukwama. Kisha jirekodi kwa simu, usikilize yako na yao.

Siku ya saba, badilisha mazungumzo yawe yako. Kitabu kinasema mtu ni mwanafunzi wa Marekani. Wewe sema 저는 아샤예요. 잔지바르에서 왔어요. (Mimi ni Asha. Nimetoka Zanzibar.) Kumbuka: jina likiishia kwa irabu unaweka 예요, likiishia kwa konsonanti ni 이에요.

Siku ikiruka, usizibane mbili kwa siku moja. Sogeza tu, hata sura ikichukua siku tisa.

4. Zoea kitenzi kukaa mwisho

Sisi tunasema "mimi nakula wali". Wao wanasema "mimi wali kula": 저는 밥을 먹어요. Kitenzi ni cha mwisho daima, na wewe unaposikiliza usikate tamaa katikati, maana jambo lenyewe linakuja mkiani.

Kuna raha mbili. Hakuna ngeli. Na kitenzi hakibebi mtendaji: 가요 ni nakwenda, unakwenda, anakwenda, tunakwenda, mazungumzo ndiyo yanayoonyesha ni nani. Wakati nao hubandikwa nyuma: 갔어요 ni nilikwenda, 갈 거예요 ni nitakwenda.

Badala yake kuna vijisilabi vinavyobandikwa nyuma ya majina. 을 au 를 huonyesha kinachotendwa. 이 au 가 huonyesha mtendaji. 은 au 는 huweka jambo linalozungumzwa. 에 ni jamaa wa -ni yetu: 집에 ni nyumbani.

TAHADHARI: hapo kwenye -ni ndipo Waswahili tunapokosea kuliko mahala pengine. Sisi twasema "nakwenda nyumbani" na "nalala nyumbani" kwa -ni ileile. Kikorea kinatenganisha. Unakokwenda au ulipo ni 에: 집에 가요 (nakwenda nyumbani), 집에 있어요 (niko nyumbani). Unapofanyia tendo ni 에서: 집에서 자요 (nalala nyumbani), 학교에서 공부해요 (nasoma skuli). Andika sentensi hizi nne ubandike ukutani.

5. Namba na saa

Kuna hesabu mbili, na zote zinatumika kila siku. Ya Kikorea asilia ni 하나, 둘, 셋, 넷, ya kuhesabia vitu, watu na umri. Ya asili ya Kichina ni 일, 이, 삼, 사, ya tarehe, pesa, dakika na namba za simu. Jifunze ya Kichina kwanza mpaka mia, kisha ya asilia mpaka ishirini.

Kwenye pesa wanahesabu kwa makumi ya maelfu: 만 ni elfu kumi, 십만 ni laki, 백만 ni milioni. Miezi ni namba na 월, ila mwezi wa sita ni 유월 na wa kumi ni 시월. Namba zake hupoteza herufi ya chini.

Saa ni asilia, dakika ni Kichina. Saa kumi na dakika ishirini, kwa saa ya kwao, ni 열 시 이십 분. Nusu ni 반.

TAHADHARI: Wakorea wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane, hawafuati jua kama sisi. Saa nne unusu za asubuhi kwetu ni 열 시 반, kumi na nusu. Mwenye kazi ya hoteli akimwambia mgeni 네 시 kwa gari ya saa nne asubuhi, mgeni atateremka alasiri, gari imeshaondoka. Kila saa ya Kiswahili ihamishe kwa sita kabla hujafungua mdomo.

Kuna jambo hapa linalonifurahisha kila nikilieleza. Korea iko mbele yetu kwa saa sita kamili. Kwa hiyo saa yetu ya Kiswahili ndiyo saa ya ukutani kule Seoul wakati huohuo. Kwetu ikiwa saa tisa alasiri, kwao ni tisa usiku, 오후 아홉 시. Ukitaka kumpigia rafiki huko, huna haja ya kukokotoa.

6. Adabu ya maneno

Wewe umelelewa kwenye shikamoo, hutashangaa lugha kuwa na ngazi. Kwa anayeanza ngazi moja inatosha: vitenzi vinavyoishia 요. Humkosei mtu mzima, na kwa rika lako haiwi kichekesho. Baadhi ya vitabu huanza na 습니다, rasmi zaidi, ya kazini na kwenye matangazo. Fuata kitabu chako.

안녕하세요 unaweza kumwambia yeyote. 안녕 pekee ni ya rafiki na mtoto. Usimwite mtu "wewe" kwa 너 wala 당신. Tumia jina lake na 씨, au cheo chake, kama 선생님 kwa mwalimu.

TAHADHARI: tamthilia zimejaa maneno ya rika kwa rika. Ukiyachukua yalivyo ukamwambia mgeni mtu mzima, ni utovu wa heshima hata kama hukukusudia. Na vijana wa kiume, 오빠 ni neno la mwanamke kumwita kaka yake mkubwa. Nyinyi mnasema 형. Dada mkubwa kwa msichana ni 언니, kwa mvulana ni 누나.

7. Rudia yaliyopita

Kata karatasi ngumu ndogondogo: mbele Kikorea, nyuma Kiswahili. Andika Kiswahili, si Kiingereza, ili neno lifike kwenye lugha unayoota nayo. Unaloliweza lisogeze kwa wiki moja. Usiloliweza lirudie kesho. Kila ukimaliza sura ya nne, rudi usikilize sauti za zote nne bila ya kitabu.

8. Tafuta wa kusema naye

Baada ya sura ya tano hivi uwe na mtu. Mwenzako anayejifunza anatosha, muwe mnakutana Forodhani jioni au kwenye baraza, mkasome mazungumzo ya kitabu mkibadilishana nafasi. Mzungumzaji wa asili naye hupatikana kwa kubadilishana lugha: Kiswahili kinasomeshwa Korea Kusini, katika Hankuk University of Foreign Studies, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) hupokea wageni wanaokuja kujifunza Kiswahili hapa. Mkorea anayejifunza Kiswahili anakuhitaji kama unavyomhitaji. Gawaneni muda sawasawa, nusu kwa lugha hii, nusu kwa ile, na mchunge saa.

MAMBO YAKIKWAMA

"Nasoma herufi vizuri, lakini sielewi ninachosoma." Ndivyo inavyotakiwa iwe katika miezi ya mwanzo. Herufi ni mlango. Msamiati unakuja na sura.

"은/는 na 이/가 zinanichanganya." Zinamchanganya kila mgeni, hata aliyefika mbali. Nakili mifano, kariri sentensi nzima, usisimamishe kitabu kwa ajili yake.

"Tamthilia sikamati kitu." Kitabu kinasema polepole kwa adabu, tamthilia inasema haraka kwa lugha ya nyumbani. Chukua kipande cha dakika moja tu, ukisikilize mara nyingi, utafute maneno yake. Kutizama vipindi vizima na tafsiri chini ni mapumziko, usikuhesabu kuwa ni kusoma. Na zile zilizotiwa sauti ya Kiswahili juu yake hazikusaidii kabisa.

"Kiingereza changu ni kidogo." Soma mifano kabla ya maelezo. Mara nyingi mifano mitatu inaonyesha kanuni wazi kuliko aya nzima. Kilichobaki muulize mtu sentensi moja ile iliyokukwaza. Ukimpa ukurasa mzima atachoka naye.

"Bando linaisha." Siku moja kwa wiki nenda penye waifai, pakua sauti zote za sura inayofuata. Sauti ni nyepesi sana kuliko video.

"Nimeacha wiki nyingi, nianze upya?" Usirudi kwenye herufi. Rudi sura mbili nyuma, sikiliza sauti zake kwa siku tatu, fanya upya mazoezi ya ile ya mwisho, endelea. Mitihani ya skuli, Ramadhani, msimu wa wageni, yote yatakukatisha, na kila mara urudi kwa njia hii.

"Nahitaji cheti?" Ukitaka kusoma au kufanya kazi kwa Kikorea, mtihani unaotambulika ni TOPIK. Wa wanaoanza ni TOPIK I: maswali 30 ya kusikiliza kwa dakika 40, na 40 ya kusoma kwa dakika 60. Alama ni 200; ukipata 80 uko daraja la kwanza, 140 la pili. Daraja la kwanza linataka maneno ya msingi kama 800 hivi, la pili 1,500 mpaka 2,000. Usijiandikishe kabla ya kumaliza kitabu cha kwanza. Na wenye nia ya Global Korea Scholarship msivunjike moyo: ufadhili huo kwa kawaida hukupa mwaka wa kusoma lugha kulekule kabla ya shahada. Ulichokijua tangu nyumbani kitakupunguzia taabu ya mwaka huo.

"Nimemaliza kitabu cha kwanza." Chukua cha pili cha mfululizo uleule, kwa sababu kinaanzia pale ulipoishia na maneno yake unayajua. Kabla hujakifungua, fanya tena mazoezi yote ya cha kwanza kwenye daftari jipya, kwa wiki mbili, bila kuangalia daftari la zamani. Sura zitakazokushinda ndizo za kusikiliza upya.